Kutunza akili za askari wakiwa misheni: kazi ya kamanda wa platuni

Daktari wa kikosi humwona askari akishazidiwa. Kamanda wa platuni na sajini wake humwona kila asubuhi, na ndio wanaopanga atalala lini, atapiga simu nyumbani lini na nani atampa habari mbaya. Kwa hiyo kazi inaanzia kwao. Mifano ya hapa ni ya kambi za eneo la Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Watanzania wamehudumu tangu 2013 katika kikosi cha kujibu mashambulizi cha MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Anza na usingizi. Askari anahitaji saa 7 hadi 8 kwa siku; akikaa wiki nzima chini ya 6, hasira hupanda, hukosea kulenga na hofu ndogo humkalia kubwa. Piga hesabu ya lindo. Beni iko karibu na ikweta, giza hudumu kama saa 12 kila usiku mwaka mzima. Vituo viwili vya watu wawili wawili, kwa zamu za saa mbili, vinadai nafasi 24 kila usiku. Ukizigawa kwa platuni yote ya watu 30, karibu kila mtu anaamshwa kila usiku. Ukimpa seksheni moja ya watu 10, kila mmoja atakaa lindo kama saa 5, lakini seksheni mbili zitalala bila kukatizwa, na kesho zamu inahamia nyingine. Mpango huu huharibika kwa sababu moja: waliokesha wanaitwa gwaride au fatiki (kazi za mikono kambini) asubuhi. Wakatalie wote wanaowaomba, hata wa juu yako, kwa heshima na kwa sababu. Kahawa inywewe mwanzoni mwa zamu; ikinywewa mwishoni, bado imo mwilini mtu anapojilaza.

Uliza pia dawa ya kinga ya malaria. Mefloquine inaweza kuleta jinamizi, wasiwasi na kushuku watu, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake zito kabisa. Askari akibadilika tabia ghafla, tabibu aangalie anameza nini kabla hamjamwita mtovu wa nidhamu.

Kisha ongea nao, mmoja mmoja. Watatu kwa siku, dakika 10 kila mmoja, na ndani ya siku 10 umemaliza platuni. Fanya hivyo mkisafisha silaha au mkikagua uzio, mkiwa bega kwa bega, maana mezani askari huona anahojiwa. Usiulize "Uko sawa?", utajibiwa "Niko sawa, afande" na mazungumzo yamekwisha. Uliza: "Jana umelala saa ngapi?" "Nyumbani wanasemaje?" "Hapa kambini unaongea zaidi na nani?" Kinachowaumiza wengi kiko nyumbani: mama mgonjwa, ada ya shule, kiwanja kinachogombewa, ndoa inayolegea. Mambo mengine kamanda anaweza kuyasukuma kwa simu moja makao makuu. Ukiahidi, taja siku utakayoleta jibu, na siku hiyo mrudie hata kama jibu halijapatikana.

Posho ikichelewa au zamu ya kurudi ikisogezwa, sema mapema. Weka saa maalumu ya taarifa, tuseme saa 12 jioni, na useme hata pale ambapo hakuna jipya. Kimya cha kamanda hujazwa na uvumi wa WhatsApp. Habari ya msiba mpe askari wewe mwenyewe, faraghani, ukiwa na shehe au padri wake kama yupo, na rafiki yake abaki naye usiku huo.

Sasa mapigano. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko huko Beni, ilishambuliwa na walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Kwenye shambulio, askari shupavu anaweza kuganda: macho yamekodoa, hasikii amri. Majeshi ya Israeli na Marekani hufundisha hatua ambazo mwenzake yeyote anaweza kuzimaliza ndani ya dakika moja:

1. Mtambue, kisha shika bega lake na umtazame machoni: "Koplo, niangalie."
2. Mhakikishie kwamba hayuko peke yake: "Niko na wewe."
3. Muulize jambo la hakika: "Magazini ngapi zimebaki?"
4. Mpangie matukio: "Tulishambuliwa. Sasa risasi zimenyamaza. Gari linakuja."
5. Mpe kazi ndogo: "Hesabu risasi, uniambie."

Kofi na kelele za "Tulia!" humzamisha zaidi. Maneno mengi ya huruma nayo humwacha mnyonge pale ambapo anahitaji kitu cha kufanya.

Mkisharudi kambini: maji, chakula, nguo kavu, usingizi, na maelezo mafupi ya kilichotokea. Usiwakalishe kwenye duara na kumlazimisha kila mmoja asimulie alivyojisikia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo. Anayetaka kusema asikilizwe. Aliyetikisika apumzike karibu na wenzake, akijua anatarajiwa kurudi kazini; kumpeleka mbali haraka humfanya ajione ameshindwa. Wanamaji wa Uingereza humfuata aliyepatwa na tukio baada ya siku 3 hivi, kisha baada ya mwezi, na utaratibu huo unafaa kuigwa. Ikifika mwezi na bado anaota tukio, anakwepa doria, amezidisha pombe au haongei, apelekwe kwa daktari.

Ukishuku anataka kujiua, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata chooni, na umwambie kweli: "Silaha yako naitunza mimi mpaka daktari akuone." Usimvue silaha mbele ya gwaride.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, andaa orodha ya waliokuwa kwenye mapigano au waliofiwa, umkabidhi daktari wa kikosi mkononi, na tarehe za kuwaona tena: mwezi mmoja baada ya kutua, halafu miezi mitatu. Jina lako liwemo kwenye orodha hiyo.