Namna ya Kutafiti Habari za Watu wa Asili wa Kanada

Anza kwa kulijua jina ambalo jamii inajiita yenyewe, kwa sababu nyaraka za zamani zimejaa majina ya kikoloni, ambayo utalazimika kuyatumia unapotafuta kumbukumbu lakini hupaswi kuyarudia katika maandishi yako.

Kuhusu utawala, isome Indian Act, sheria ya Kanada ya mwaka 1876 inayohusu watu wa asili, pamoja na marekebisho yake, kisha ripoti ya Tume ya Kifalme kuhusu Watu wa Asili ya mwaka 1996, yenye juzuu tano. Katika elimu usiharakishe: kumbukumbu za shule za bweni, ambako watoto walitenganishwa na wazazi na kukatazwa lugha zao, zimehifadhiwa katika Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano, Chuo Kikuu cha Manitoba, Winnipeg, zikiwemo simulizi za walionusurika, nazo zastahili kusomwa taratibu na kwa heshima, maana wengi wa wasimulizi wana familia zinazoishi na maumivu hayo hadi leo.

Takwimu za afya zina masharti yake. Kanuni ziitwazo OCAP (kifupi cha Kiingereza cha umiliki, udhibiti, ufikiaji na uhifadhi) huyapa Mataifa ya Kwanza (First Nations, mojawapo ya makundi ya watu wa asili wa Kanada) umiliki na usimamizi wa data zao. Kwa hiyo omba ridhaa ya jamii kabla ya kukusanya chochote, na uirejeshee matokeo.