Somo: kuchagua wavu wa kuchapia wa uzi mwembamba na kuukaza kwenye kadre (fremu) bila kuupasua

Ninaandika somo hili la wavu wa kuchapia, ule tunaopitishia rangi hadi kwenye kitambaa, kwa sababu nimechoka kujibu swali moja mlangoni mwa atelye, kwenye simu usiku, na juzi katika soko la Virunga nikiwa nimekumbatia kabichi: “Papa, wavu wangu mwembamba umepasuka, je, nimeuziwa mbovu?” Mara nyingi hukuuziwa mbovu, bali uliununua kwa nusu ya jina lake, kisha ukaukaza kama unavyoukaza ule mnene. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Jua utachapa nini. Maandishi makubwa ya duka au ya shule hayahitaji uzi mwembamba. Wavu mnene wa 43-80 (namba hizi nazieleza katika hatua ya 2) unatosha na huvumilia mikono mizito. Uzi mwembamba ni wa mistari midogo, wa picha za nukta, na wa rangi nyeupe inayotakiwa kufunika kitambaa cheusi bila kuifanya fulana iwe ngumu kama gamba la mti.

Hatua ya 2. Soma jina lote la wavu. Namba ya kwanza ni idadi ya nyuzi katika sentimita moja, na ya pili ni unene wa uzi kwa mikroni. Wamarekani huhesabu nyuzi kwa inchi, kwa hiyo ukikuta namba kubwa kama 195 igawanye kwa 2.54 nawe utapata 77 yetu. Muuzaji anayesema “ninayo 77” bila kutaja uzi bado hajakwambia lolote, kwa maana 77-55 na 77-48 ni nyavu mbili tofauti. Chukua mikroni 10,000 za sentimita, zigawanye kwa 77, utapata takribani 130, ambazo uzi mmoja na tundu moja hugawana. Uzi ukiwa 55, tundu hubakiwa na 75. Uzi ukiwa 48, tundu hupata 82. Ukihesabu eneo, sehemu iliyo wazi ni kama asilimia 33 katika wavu wa kwanza na asilimia 40 katika wa pili, na hiyo ndiyo sababu rangi nzito hupita bila kusukumwa kwa nguvu. Lakini kumbuka upande wa pili wa hesabu: uzi wa 48 una nyama pungufu kwa karibu robo kuliko uzi wa 55, kwa hiyo hauwezi kuvutwa sawa nao.

Vipande vinavyouzwa kwa mita huku kwetu mara nyingi vimekwisha kupoteza lebo. Weka rula ya plastiki inayopitisha nuru juu ya wavu, uinue dirishani, upige picha kwa simu ukiwa karibu kabisa, kisha uikuze picha na kuhesabu nyuzi zilizo ndani ya milimita 5. Ukipata 38 au 39, huo ni wa 77. Unene wa uzi hutauona kwa njia hiyo, ila ukiwa na kipande unachokijua, viweke sambamba katika picha moja na macho yataona tofauti.

Hatua ya 3. Kadre iwe imenyooka. Ilaze juu ya kioo, ikichezacheza, iache. Kisha zungushia msasa kingo zote za ndani na pembe zote nne, maana kijibanzi ambacho wavu wa 43-80 haukihisi kitaukata wa 90-40.

Hatua ya 4. Kata wavu kwa kufuata uzi, ukiacha sentimita 10 za ziada kila upande.

Hatua ya 5. Kukaza. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza mita tatu za wavu.

Ninatumia meza ya kukazia niliyotengenezewa na fundi wa kuchomelea huko Birere: vyuma vinne vya umbo la L, kimoja kila upande, kila kimoja kikiwa na taya lenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki ili nyuzi zisiteleze wala kukatika, na kila kimoja kikivutwa na boliti mbili. Kadre hukaa katikati, chini ya wavu. Mita ya kwanza ilipasuka kwa sababu nilianza kwenye pembe, kama anayevalisha kiti kitambaa. Kwenye pembe nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (zinazozikatiza) huvutwa zote kwa pamoja, kwa hiyo hapo ndipo mzigo hujilundika, na ukipaanzia hapo umekwisha kupachosha kabla katikati hapajaguswa. Mita ya pili niliikaza upande mmoja hadi mwisho ndipo nikahamia upande wa pili. Ilipasuka usiku, peke yake, hakuna aliyeigusa, kwa sauti kama ya mtu anayechana karatasi. Mita ya tatu haikupasuka, nayo ndiyo iliyonigharimu zaidi. Niliitia gundi mara tu ilipokaza, nikaiamini, na siku iliyofuata nikachapa fulana nyeusi za kwaya, nyeupe kwanza na nyekundu juu yake. Wavu ulikuwa umelegea tangu usiku, nyekundu ikasogea milimita 2 kutoka kwenye nyeupe, na kila herufi ikaonekana kama imevaa koti la mtu mwingine. Fulana zote nilizirudia kwa mfuko wangu.

Basi fanya hivi. Hakikisha nyuzi zinakwenda sambamba na kingo za kadre, kwa maana wavu uliokaa mshazari hauwezi kukazwa sawasawa. Karibu na pembe, mahali pa kama sentimita 6, usiubane sana katika taya. Uache ulegee kidogo. Zungusha kila boliti robo mzunguko, ukizunguka meza nzima, kisha robo nyingine, na usimalize upande mmoja kabla ya mingine. Ukisikia mlio mdogo wa kutatarika, simama palepale na ulegeze. Usijiambie kwamba ni meza inayolia.

Mwenye tensiomita (kipima ukazo) asome kwa Nyutoni kwa sentimita. Kadre za alumini kwa kawaida hukazwa kati ya 20 na 25, lakini uzi mwembamba una kikomo chake, nacho huandikwa na mtengenezaji, kifuate hicho. Asiye nayo achore kwa kalamu mistari miwili iliyoachana sentimita 50 kufuata mtande, na mingine kufuata mshindio, kabla ya kuanza kuvuta. Mimi katika uzi wa 48 husimama mistari inapoachana sentimita 51. Faida kubwa ya mistari hii ni kukuonyesha kama pande zote mbili zimevutika sawa.

Hatua ya 6. Subiri. Poliesta ikivutwa hulegea yenyewe kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea mapema. Vuta, acha dakika 15, rudisha ukazo; fanya hivyo mara tatu au nne, kisha uache usiku mzima na kurudisha mara ya mwisho asubuhi.

Hatua ya 7. Gandisha wavu kwenye kadre kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji wala kwa dawa unayosafishia rangi. Iache ikauke kabisa ndipo ufungue taya, polepole, tena kwa mzunguko uleule.

Hatua ya 8. Osha kwa sabuni ya maji ya vyombo, suuza, kausha mbali na vumbi. Unga wa kusugulia sufuria usiusogeze karibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Majengo, Goma: Namba gani ni nzuri kuliko zote?

Jibu: Rudi hatua ya 1.

Mwanachama wa Majengo, Goma: Nimeisoma. Nataka namba tu.

Jibu: Ungeisoma ungeniambia unachapa nini.

Mwanachama wa Ibanda, Bukavu: Shikamoo Mzee. Ninachapa nembo ndogo juu ya mifuko, na jambo moja linanitatiza. Ikiwa 77-48 ina uwazi mkubwa kuliko 77-55, je, haiweki rangi nyingi zaidi na kuziba mistari midogo?

Jibu: Marahaba, dada, hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Kiasi cha rangi hakitegemei uwazi peke yake, hutegemea pia unene wa wavu, na wavu wa uzi mwembamba wenyewe ni mwembamba. Chukulia kwamba unene wa wavu ni nyuzi mbili zilizopandana, ingawa ufumaji huupunguza kidogo. Asilimia 33 ya mikroni 110 ni kama 36, na asilimia 40 ya mikroni 96 ni kama 38, ambazo unaona zinakaribiana. Kinachobadilika ni urahisi: rangi hutoka tunduni kwa pito moja la rakleti (ubao wenye mpira wa kusukumia rangi) badala ya matatu, na kila pito unalolipunguza ni nafasi moja pungufu ya rangi kusukumwa chini ya kingo za mchoro. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 43-80 utapata karibu 69, nawe utaelewa kwa nini huziba herufi zako. Na kwa nembo ndogo tafuta wavu wa njano, ijapokuwa utauanika kwenye mwanga kwa muda mrefu zaidi unapogandisha emulsioni (dawa inayoziba matundu yasiyo ya mchoro), kwa sababu uzi mweupe hutawanya nuru pembeni na kuila mistari.

Mwanachama wa Katindo, Goma: Haya yote ni kujisumbua. Mimi ninakaza kwa mkono na agrafu (pini za kubania), miaka mingi, bila meza.

Jibu: Kwa wavu gani, kaka? Ikiwa ni wa 43-80, hata mimi nilifanya hivyo miaka mingi na sijawahi kusema haiwezekani. Somo hili ni la uzi mwembamba, na kichwa chake kinasema hivyo.

Mwanachama wa Kadutu, Bukavu: Mimi sina uwezo wa meza kwa sasa. Je, agrafu haziwezi kabisa kwa 77-48?

Jibu: Zinaweza, kwa ukazo mdogo. Weka utepe wa kitambaa kigumu juu ya wavu na upige agrafu kupitia utepe huo, kila agrafu ikiwa mshazari ili ishike nyuzi kadhaa badala ya kubana uzi mmoja au mbili. Anza katikati ya kila upande, vuka upande wa pili, endelea kuelekea kwenye pembe. Vuta kwa koleo lenye mdomo mpana uliofungwa mpira. Kwa kuwa wavu utakuwa laini kidogo, inua kadre kutoka kwenye fulana milimita 3 au 4, ili wavu uachane na rangi mara rakleti inapopita.

Mwanachama wa Himbi, Goma: Wavu wangu haukupasuka siku ya kukaza. Umepasuka baada ya mwezi, ninapousafisha.

Jibu: Unasafishia nini?

Mwanachama wa Himbi, Goma: Soda kostiki, ile ya watengeneza sabuni. Inaondoa emulsioni haraka.

Jibu: Mama, inaondoa na wavu pia. Soda kostiki hula poliesta, na uzi mwembamba ndio unaokwisha kwanza. Tafuta dawa ya kuondolea emulsioni inayouzwa kwa kazi hiyo, itumie kwa brashi laini, suuza kwa maji mengi. Na kama emulsioni yako ni ile ya bikromati, vaa glavu kila mara, kwa kuwa ile ni sumu hata kwenye ngozi.

Mwanachama wa Katuba, Lubumbashi: Huku kwetu mvua zinapoanza, kadre zangu zote hulegea. Je, wavu hunywa maji?

Jibu: Poliesta hainywi maji kiasi cha kuleta shida hiyo. Kama uliuziwa nailoni, hiyo kweli hulegea ikilowa: lowesha kipande, kipime, kikauke, ukipime tena. Kama ni poliesta, shaka yangu iko kwenye mbao za kadre. Zilaze kadre juu ya kioo sasa, kabla ya mvua, uandike kwa kalamu kwenye kila moja ni pembe gani inanyanyuka. Urudie Desemba, kisha unitumie picha za zile zilizopinda, na uniambie ni mti gani.