Grand Canyon na watoto wakati wa winta: fanya hivi

Mimi hutembeza wageni, na winta ndo msimu nnaoupenda kuliko yote pale Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, watu wachache, hewa safi, na theluji ikikaa kwenye yale mawe mekundu hata watoto watundu wananyamaza. Ila korongo la Januari sio lile la Julai, so fuateni huu mpangilio.

Hatua ya 1: nendeni South Rim, yaani ukingo wa kusini. Iko wazi mwaka mzima, North Rim, ule wa kaskazini, barabara inafungwa msimu wa theluji. Na msidanganywe na jina la Arizona mkadhani joto, pale ukingoni mko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, usiku inashuka chini ya sifuri.

Hatua ya 2: nguo nyepesi nyingi badala ya koti moja zito. Soksi za sufu, sio pamba, pamba ikilowa haikauki na mtoto anaanza kutetemeka. Glavu pea mbili kila mtoto.

Hatua ya 3, na hapa naomba mnisikilize kabisa: miguu. Theluji inayeyuka mchana, usiku inaganda, asubuhi ile njia ya ukingoni ni kioo kitupu, na sehemu nyingi hakuna uzio. Nunueni vile vyuma vya meno vya kuvalisha kwenye kiatu, raba juu, minyororo chini, na mvae kabla hamjatoka kwenye gari sio mkishateleza. Mtoto mdogo umshike mkono muda wote, wewe ndo ukae upande wa korongo. Bright Angel Trail, ile njia ya miguu ya kushuka korongoni, kule juu iko kivulini, barafu yake haiishi haraka, kwa hiyo na wadogo msishuke kabisa hata wakilia, tena kushuka ni rahisi, kupanda ndo shughuli.

Hatua ya 4: Hermit Road, barabara inayopita ukingoni. Kuanzia Disemba hadi Februari mnaruhusiwa kuingia na gari lenu, miezi mingine ni mabasi tu. Hii kwa familia ni neema, mnasimama pointi moja, mnaangalia, mnarudi kwenye hita na chai ya chupa, mnaenda nyingine. Hopi Point iacheni ya mwisho kwa ajili ya machweo, na Disemba jua linazama mapema, saa kumi na moja na robo hivi.

Hatua ya 5: ukungu ukijaa msiondoke. Kuna siku mawingu yanajaa korongo lote huoni kitu, watu wanageuza gari wanaenda zao, na inaniuma maana yanaweza kufunguka muda wowote. Nyie ingieni Bright Angel Lodge, hoteli ya pale ukingoni, muulize meko ya mawe ya kuotea moto aliyobuni msanifu majengo Mary Colter miaka ya 1930. Mawe yamepangwa kama korongo lenyewe, ya chini ni ya mtoni, ya juu ni ya ukingoni. Waacheni watoto waguse, waambieni yale ya juu kabisa yana miaka kama milioni 270 na ya chini ni makongwe zaidi, halafu ukungu ukifunguka watafute tabaka hizohizo kule nje.

Hatua ya 6: kurudi miji ya Williams au Flagstaff gizani endesheni taratibu sana, wale kulungu wakubwa wanaoitwa elk wanavuka barabara, na lami ishaanza kuganda. Kama bajeti inaruhusu laleni hukohuko.