Krisanthemamu sebuleni: jinsi ya kudhibiti unyevu wa hewa ili maua yasioze

Masika ya mwaka juzi nilipoteza vyungu vitatu vya krisanthemamu ndani ya wiki mbili. Nilivinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam, matumba yamejaa tele, vya njano na zambarau, kwa ajili ya sherehe ya kumuaga mdogo wangu aliyekuwa anaolewa. Majani yalibaki mabichi na udongo nilikuwa naupima kwa kidole kila siku. Lakini petali ziliingia madoa ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa, zikalegea, kisha zikaota manyoya ya kijivu. Niliumia sana. Tangu hapo nimejifunza kuiangalia hewa ya chumba kwa makini kama ninavyoangalia udongo, na ndilo somo la leo.

Krisanthemamu hupenda ubaridi wa wastani, kama nyuzi 15 hadi 22, na unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70. Ua lake lina petali nyingi zilizobanana, kwa hiyo maji yakishaingia katikati huchelewa sana kukauka. Hapo kuvu hupata makazi.

Hatua ya 1: Pima, usikisie. Nunua haigromita ndogo ya kidijitali, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Nyingi husema uongo kidogo, kwa hiyo ihakiki kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kifungie kizibo hicho pamoja na haigromita ndani ya kopo lisilopitisha hewa, uache usiku kucha. Hewa ya humo ndani hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisoma 81, basi kila siku utatoa 6.

Kisha soma mara mbili: mchana, na saa kumi na moja alfajiri. Ya alfajiri ndiyo yenye habari. Hewa ikipoa, unyevu wake kwa asilimia hupanda hata kama hakuna tone la maji lililoongezeka. Kwangu wakati wa masika mchana husoma 72, alfajiri 88. Ukiona zaidi ya 85 kwa saa nyingi mfululizo, ua lako liko hatarini.

Hatua ya 2: Fanya hewa itembee. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika somo hili, fanya hili. Weka feni kwenye kasi ndogo, ielekee ukutani au ipite juu ya mimea, isiyapige maua moja kwa moja. Majani yakitikisika kidogo sana, inatosha. Iache iwake usiku, maana ndio wakati unyevu unapanda. Acha nafasi ya kiganja kati ya chungu na chungu, na usikisukumize kwenye kona nyuma ya pazia.

Hatua ya 3: Jihadhari na kiyoyozi. Wengi wetu tunalala kiyoyozi kikiwaka, asubuhi tunakizima na kufungua madirisha mara moja. Fikiria chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 70, kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 24 kitashika umande. Chumba chako kilikuwa 21. Jani jembamba hupata joto haraka na kukauka, ila ndani ya ua lililobanana unyevu hubaki. Zima kiyoyozi, washa feni, subiri nusu saa hivi chumba kipate joto, ndipo ufungue dirisha. Wala usiweke chungu kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi; hapo petali hukauka ncha.

Hatua ya 4: Maji yaende kwenye udongo. Mwagilia asubuhi, chini ya majani, na umwage yanayobaki kwenye kisahani.

Hatua ya 5: Ondoa yaliyochoka. Ua lililonyauka na jani lililoanguka juu ya udongo ndiko ukungu wa kijivu unakoanzia. Kata kwa mkasi safi, tia kwenye mfuko taratibu bila kulitikisa, toa nje.

Maswali ya wanachama

*Swali, Tanga: Dada, mimi nayapulizia maji kila asubuhi kwa chupa ili yasisikie joto. Ninakosea?*

Kwa Tanga, ndiyo, acha kabisa. Hewa ya pwani ina maji ya kutosha. Joto lipunguze kwa kivuli cha mchana na upepo. Kupuliza hupoza kwa dakika chache tu, halafu ua linabaki limelowa.

*Swali, Mbeya: Huku Julai baridi ni kali, tunafunga madirisha na asubuhi vioo vinatiririka. Naweza kuingiza jiko la mkaa likaushe chumba?*

Hapana, kaka, tafadhali sana. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu. Maji hayo ya kioo yanatokana na pumzi zenu, kupika na nguo zinazoanikwa ndani. Anika nje, funga mlango wa jikoni mnapopika, na fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika kumi saa nne asubuhi, jua likishatoka. Chungu kisogeze mbali na kioo. Huko kwenu pia kagua chini ya majani kila wiki: ukiona juu ya jani madoa ya njano iliyofifia, na chini yake vivimbe vya rangi ya maziwa au waridi hafifu, hiyo ni kutu nyeupe, ugonjwa wa kuvu. Hupenda ubaridi na jani lililolowa kwa saa kadhaa, na huenea haraka. Mmea huo utoe wote, uuchome.

*Swali, Maskati: Sisi kiyoyozi hakizimwi kuanzia Mei. Kipimo kinasoma 35, ncha za majani zimekauka na chini yake kuna kama utando wa buibui.*

Shida yako ni kinyume cha ya kwetu, shangazi. Huo utando ni wa utitiri, wadudu wadogo mno, nao hushamiri kwenye hewa kavu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vikitembea, ndio wenyewe. Peleka chungu bafuni asubuhi, funika udongo kwa mfuko, osha majani kwa upande wa chini kwa maji ya kasi kidogo, maua yasilowe. Rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili. Halafu vikusanye vyungu pamoja juu ya sinia lenye kokoto na maji, sehemu za chini za vyungu zisiguse maji. Sinia peke yake huongeza kidogo tu. Kikubwa ni kuvihamisha mbali na mdomo wa kiyoyozi.

*Swali, Dar: Maua yameisha. Nimekata, majani mapya yametoka, lakini miezi inapita bila tumba hata moja. Ni unyevu?*

Hapo unyevu hauna kosa. Krisanthemamu huweka matumba usiku ukiwa mrefu na giza kamili. Kama chungu kiko sebuleni na taa inawaka hadi saa sita, mmea unadhani usiku ni mfupi. Kipeleke chumba kisichowashwa taa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka asubuhi, mbali na mwanga wa taa za barabarani pia. Kisipate hata mwanga mfupi wa katikati ya usiku. Baada ya wiki tatu au nne chungulia kwenye ncha za matawi.