SOMO: Kufufua fremu ya chuma ya baiskeli ya Kitaliano (usinunue stika, nunua mabomba)

Wadau habari za saa hizi. Tangu niweke picha ya ile nyekundu yangu watu wananiuliza waanzie wapi, ngoja niandike mara moja tumalizane. Mimi niko Bergamo, kaskazini mwa Italia, wiki nzima kiwandani na jumapili niko kwenye masoko ya vitu vya zamani. Hiyo nyekundu niliitoa kwa euro 90, imepauka, haina jina, stika zote zimekwanguliwa imebaki moja tu chini kwenye bomba la siti, ina njiwa. Meza ya pili yake kulikuwa na yenye jina kubwa euro 600, bomba la chini limekunjamana kama mkono wa shati, na watu wote wamejazana kwenye ile ya 600.

Huyo njiwa ni Columbus, watengeneza mabomba wa Milano toka 1919. Mafundi wengi wa Italia, wenye majina na wasio na majina, walinunua mabomba hayohayo wakayaunganisha, na karakana ndogondogo nyingi zilikuwa zinaunda fremu halafu inauzwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo hela yako ilipie mabomba na unyoofu.

HATUA YA 1: Kabla hujatoa hela

Pitisha ukucha chini ya bomba la chini na la juu, pale nyuma tu ya lagi za mbele (lagi ni vile vipande vya maungio vyenye ncha kama mkuki). Ukucha ukiruka kama unapita kwenye tuta, au rangi imekatika mviringo, hiyo ilishagonga kitu. Acha hata kama ni ya bure.

Halafu uzi. Funga kwenye sikio la nyuma la kulia (pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa), upitishe mbele kwenye bomba la usukani, uurudishe sikio la kushoto, vuta ukaze. Pima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja sio kesi, ikifika tatu nne anza kubembeleza bei au aga.

Sasa utamu. Kama ekseli ya krenki ilishatolewa, ingiza kidole kwenye boksi la krenki (lile tundu la chini ekseli inapopita) uguse midomo ya mabomba kwa ndani. Ukisikia michirizi iliyojipinda kama ndani ya mtutu wa bunduki, hiyo kwa kawaida ni SLX, aina mojawapo ya mabomba ya Columbus, waliweka ile michirizi kuongeza ugumu pale chini. Ikiwa laini tupu inaweza kuwa SL au nyingine. SL ukuta wake ni milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, ndio maana ukiligonga bomba kwa ukucha katikati linalia kama glasi na ukisogea kwenye maungio sauti inakuwa bubu. Muuzaji atakuangalia kama mwehu, mwache. Kama paipu ya siti (ile inayobeba siti, inazama ndani ya bomba la siti) inatoka, pima unene wake na venia kalipa. Milimita 27.2 ni dalili nzuri, ukikuta 26 kamili au chini ya hapo basi bomba ni nene na fremu ni nzito, hiyo sio ya bei ya mashindano.

HATUA YA 2: Paipu ya siti iliyoganda

Hapa ndipo watu wanalia. Paipu ni aluminiamu, fremu ni chuma, miaka 40 ya jasho na mvua zinashikana kama zimelehemiwa. Kosa la kwanza ni kukimbilia moto. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukichoma paipu unazidi kuibana (na rangi umeshaiunguza). Tumia baridi. Geuza fremu miguu juu, mimina mafuta ya kupenya kutoka kwenye boksi la krenki yateremke mpaka kwenye paipu, acha siku tatu nne huku unaongeza. Baadaye bana kichwa cha paipu kwenye jiliwa, ile vaisi ya mezani, funika paipu na barafu nyingi, halafu zungusha FREMU, sio paipu, maana fremu yenyewe ndiyo inakuwa mpini wako mrefu. Yangu iligoma siku sita, ya saba ikatoa mlio kama mlango wa godauni, nikajua imekubali. Kichwa cha paipu kilikufa kwenye jiliwa lakini fremu ilipona, na hiyo ndiyo biashara.

Ukirudisha nyingine weka grisi. Wengi hawaweki, ndio wanatuletea kazi.

HATUA YA 3: Boksi la krenki, soma mara mbili

Baiskeli nyingi unazozijua zina thredi za Kiingereza, boksi upana milimita 68, kikombe cha kulia (vikombe ndivyo vinavyoshika ekseli kwenye boksi) kinafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ya Kitaliano boksi ni 70, thredi ni 36x24 na mara nyingi namba hiyo imegongwa kwenye kikombe chenyewe, na pande ZOTE mbili zinafunguka kinyume cha saa kama bolti ya kawaida. Mimi ya kwanza sikupima. Nikazungusha kwa saa kwa kujiamini kabisa, haisogei, nikaongeza bomba la mita moja kwenye spana, kumbe nakaza. Kikombe kilipasuka mdomo na thredi mbili za mwanzo zikaondoka nacho.

Na ubaya wake ni huu, fremu ya Kiingereza thredi zikifa fundi anaweza kuichonga upya iwe ya Kitaliano kwa sababu ya Kitaliano ni pana zaidi. Ya Kitaliano ikifa hamna saizi ya kukimbilia, unabaki kutafuta zile ekseli za kubana zisizotumia thredi.

Wakati wa kufunga, kikombe cha kulia cha Kitaliano kina tabia ya kujifungua chenyewe kadri unavyokanyaga. Zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kaza kiume, kagua baada ya safari mbili tatu.

HATUA YA 4: Kutu na rangi

Usikimbilie kupiga rangi mpya jamani. Kwangua kidogo kwenye ncha ya lagi, ukikuta kromu inang'aa chini ya rangi umepata zawadi. Kutu ya juu juu kwenye kromu isugue na foili ya jikoni iliyolowa maji, inatoka. Kutu ya ndani dawa yake ni asidi ya oksaliki, glavu mkononi na sehemu yenye hewa, na suuza sana.

HATUA YA 5: Magurudumu na gia

Pima nafasi kati ya masikio ya nyuma. Milimita 120 ni ya gia tano, 126 ni ya sita au saba, 130 ni nane kuendelea. Chuma kina huruma, habu ya 130 inaingia kwenye 126 kwa kutanua na vidole gumba tu. Kama krenki ni Campagnolo (watengeneza vipuri wa Kitaliano) ya zamani yenye duara la bolti la milimita 144, meno madogo mbele huwezi kwenda chini ya 41, na ule mkono wa gia wa Nuovo Record, wa Campagnolo hiyohiyo, nyuma haupendi kuzidi meno 26. Kwa hiyo milimani utasimama kwenye pedali kama walivyosimama wenyewe.

Breki, waya na utepe wa usukani ni kama baiskeli yoyote, sipotezi muda hapo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mombasa: Kaka, huku vipuri vya Campagnolo ni ndoto. Naweza kuchanganya na vya Shimano vya Kijapani? Na hii chumvi ya bahari je?

Jibu: Changanya tu, sio dhambi, watakaokununia ni wazee wa makumbusho. Ila ekseli hakikisha ni ya boksi la 70, thredi ya Kitaliano. Na usivalishe krenki ya Campagnolo kwenye ekseli ya Kijapani, pembe nne zake hazifanani vizuri, krenki inakaa vibaya na baadaye inalegea. Chumvi: nunua ile dawa ya nta wanayopuliza ndani ya milango ya magari, puliza ndani ya kila bomba, geuzageuza fremu, ning'iniza usiku mzima na gazeti chini.

Mdau wa Muscat: Nauziwa Colnago, fremu ya Kitaliano yenye jina, jamaa anasema ni ya 1968, ina ile alama ya ree la pau kwenye bomba la mbele. Mabomba yanalia vizuri.

Jibu: Ree la pau lilikuja baada ya Michele Dancelli kushinda mashindano ya Milano-Sanremo ya 1970. Kwa hiyo ama mwaka ni wa uongo, ama stika ni ya juzi. Inaweza bado kuwa fremu nzuri, ifanyie hatua ya 1 kisha mlipe bei ya mabomba.

Mdau wa Arusha: Mimi futi 5 na inchi 10, nichukue namba ngapi?

Jibu: Anzia 55 au 56, ila uliza wamepimaje. Wataliano wengi wanapima katikati ya ekseli ya krenki mpaka katikati ya bomba la juu, wengine mpaka ncha ya juu kabisa, hapo umeshapata tofauti ya sentimita moja na nusu.

Mdau wa Minneapolis: Dada yenu naomba kuuliza, nikitaka kuja kwenye L'Eroica, ile safari ya baiskeli za zamani, yangu itaruhusiwa? Ni ya 1985 lakini nimeifunga pedali za kisasa za kubana kiatu.

Jibu: Dada karibu sana, ni Gaiole in Chianti, kule Toscana, tangu 1997. Baiskeli iwe ya kabla ya 1987, vishikio vya gia kwenye bomba la chini, waya za breki zipite nje ya usukani, na pedali ziwe na vikapu na mikanda. Hizo zako zing'oe. Pedali ya kushoto inafunguka kwa saa, usije ukanitukana.

Mdau wa Dar: Mkuu kikombe changu cha kulia hakisogei hata kwa nyundo, fremu haina jina. Nifanyeje?

Jibu: Kabla hujashika spana pima upana wa boksi, 68 au 70, uniambie.

Mdau wa Dar: 70. Ila spana nilishaishika tangu jana 😅

Jibu: Ulizungushia upande gani?