Jinsi ya kwenda kupunga upepo Kilembe bila kujuta

Watu wengi wakisikia Kasese, magharibi mwa Uganda, wanawaza mbuga tu, simba, picha ya pale kwenye mstari wa ikweta, afu haoo wamesharudi Kampala. Ukiwaambia umelala siku tatu Kilembe, bonde la mgodi wa zamani jirani na Kasese, wanakushangaa, kwani kule mgodini kuna nini? Kuna mto, kuna milima imekubana kushoto na kulia mpaka anga unaliona kama kitambaa, kuna kahawa, kuna wazee wenye stori, na mlango wa kupandia milima ya Rwenzori uko hapo hapo. Ila bonde si kama ufukweni, huendi tu kichwa kichwa, kwa hiyo nawaandikia vile mimi naenda, mwenye masikio.

Kwanza safari yenyewe. Toka Kampala panda basi la asubuhi kabisa, yako yanayopitia Fort Portal na yako yanayopitia Mbarara. Mimi nachagua Fort Portal, ni fupi na mashamba ya chai yanakupunguzia uchovu, lakini vyovyote vile hesabu siku nzima imeenda, usimpangie mtu miadi jioni hiyo. Kasese utaipata na joto lake, mji uko chini na jua halina huruma, na usidanganyike ukaacha sweta eti huku kuna joto, sababu kutoka hapo mpaka Kilembe ni kama kilomita kumi tu na ushafika mwinuko wa mita 1,450, jua likizama nyuma ya mlima unatafuta blanketi. Pale steji ulizia takisi za Kilembe, ukikosa subira chukua boda. Bei elewaneni kabla hujakalia pikipiki. Na toa pesa Kasese, benki ziko kule, ukiwa bondeni utategemea mobail mani na noti ndogo ndogo, mama wa chapati hana chenji ya elfu hamsini na wala si kosa lake.

Barabara inapanda ikifuatana na mto Nyamwamba, mto uko kando yako karibu njia nzima, na hapo ndo unaanza kuelewa mahali ulipo. Utaona nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari mistari, mitambo imeliwa na kutu, machuma ya zamani yamekaa tu. Huu mji ulijengwa kwa shaba. Mwaka 1956 reli ikafika Kasese kutoka Kampala, sababu kubwa ikiwa hiyo shaba, ikawa inasafirishwa mpaka Jinja kwenda kuyeyushwa. Miaka ya sabini mambo yakaharibika, mwanzoni mwa themanini mgodi ukafungwa. Treni nayo haiji tena. Sasa wewe mgeni ukiona shimo la mgodi usiingie eti unapiga selfi, sehemu zingine zina walinzi na zingine hazina mlinzi ila dari lake limeoza, uliza kwanza, na kamera usiitoe mbele ya askari kabla hujamsalimia.

Kusalimia kwenyewe ni nusu ya safari. Kiswahili huku kinakubeba vizuri kuliko sehemu nyingi za Uganda, Kongo iko pua na mdomo, na mgodini walikuja watu wa makabila mengi wakahitaji lugha ya kuelewana. Mzee mmoja niliyemkuta amekaa nje ya nyumba ya mistari aliniuliza, "We kijana, hicho Kiswahili umetoa wapi?" Nikamwambia shuleni mzee. Akacheka, akasema chake alikiokota chini ya ardhi, na mwalimu alikuwa na matusi. Tukakaa pale kama saa mbili. Lakini wenyewe ni Wabakonzo, kwa hiyo jifunze hata neno moja, sema "wasingya" ndo asante, utaona sura inavyofunguka.

Haya, sasa kitu ambacho ukisahau vyote usikisahau hiki. Bondeni mvua ya kuogopa si ile inayokunyeshea wewe, ni ile ya juu mlimani usiyoiona. Unaweza kuwa umekaa nje unakunywa chai, nyota ziko, kumbe juu kunamwagika na mto unashuka na mawe makubwa kama gari. Mei 2013 Nyamwamba ulishuka hivyo ukaua watu na kusomba nyumba, 2014 ukarudia, na Mei 2020 ukaivamia mpaka hospitali ya Kilembe. Mawe bado yako, utayaona yamejaa mtoni meupe meupe, na kina mama na vijana wamekaa juani wanayagonga kwa nyundo kuwa kokoto za kuuza. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba uliza swali moja tu, mwaka ule maji yalifika wapi? Kila mtu anajua, atakuonyesha hata ukutani. Lala juu ya hapo.

Mimi sikuuliza. Mara ya kwanza nilichukua chumba cha bei poa karibu na mto, nikajiona mjanja, sauti ya maji usiku tamu kama nini. Kama saa nane hivi usiku sauti ikabadilika, si maji tena, ni kitu kama mtu anagongesha masufuria makubwa chini ya ardhi, ndu, ndu, ndu. Nikabaki nimelala nasikiliza kama mjinga. Mama mwenye nyumba ndo akaja kugonga mlango, kavaa kitenge na gambuti, tochi mkononi, "amka mwanangu, mawe yanatembea." Hivyo tu. Tukapanda kwa jirani, tukanywa chai ya tangawizi mpaka kukakucha, mto haukutoka njiani siku hiyo, lakini toka pale mimi sauti ya mto chumbani sitaki tena hata nipewe bure.

Kwa hiyo nenda wakati mzuri. Desemba mwishoni mpaka Februari, au Juni mpaka Agosti hivi, ndo kunakuwa na afadhali. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ni mvua, unaweza kwenda lakini ujue utachafuka. Na hata kiangazi Rwenzori ni Rwenzori, mvua ya mchana huko haina kalenda.

Maji ya mto usinywe. Najua yanaonekana safi, baridi, yametoka juu mlimani. Tatizo ni kwamba mabaki ya mgodi yalirundikwa bondeni miaka na miaka, na mvua inaosha shaba na kobalti inapeleka mtoni. Kuchemsha kunaua vijidudu, shaba hakuiui. Nunua maji ya chupa au uliza bomba linatoa maji wapi, ukiambiwa chemchemi ya juu kilimani basi hayo chemsha.

Kutembea sasa, ndo utamu wenyewe. Kuna njia za bure, zile za wenyeji kupandia mashambani, zinapita katikati ya kahawa na migomba, na wima wake usipime, bibi wa miaka sabini atakupita na mzigo wa kuni kichwani huku anakusalimia na wewe huna pumzi ya kujibu. Tafuta kijana wa pale akuongoze, mlipe vizuri, mkubaliane mapema. Msimu wa kahawa utaona imeanikwa kwenye maturubai nje ya kila nyumba, omba ushike, nusa ile iliyokauka na ganda lake, inanukia kama matunda yaliyolala kwenye begi. Wakikukaribisha kikombe usikatae.

Ukitaka kuingia msituni hiyo ni hifadhi ya taifa, tangu 1991, kwa hiyo huingii kienyeji. Unapanda mpaka Kyanjuki, mwisho wa mji kule juu, ndo wanapoanzia watu wa mlima. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, dai risiti, na bei ulizia kabla hujatoka nyumbani sababu zinabadilika na mgeni wa nje analipa tofauti na Mwafrika Mashariki, beba kitambulisho chako. Si lazima ufike kileleni jamani. Kilele cha Margherita ni mita 5,109, kupitia Kilembe ni safari ya wiki nzima na zaidi kidogo, barafu, kamba, pesa ndefu. Wewe uliyekuja kupumzika unaweza kupanda mpaka kambi ya Sine, iko karibu mita 2,600, ukalala usiku mmoja ukashuka, au ukatembea msituni siku moja tu ukarudi kwenye kitanda chako. Tembea taratibu ukiangalia majani, kuna vinyonga wa pembe tatu, na juu kwenye matawi mbega wanaruka na mikia yao mirefu.

Viatu, sikia, acha hivyo vya kukimbilia. Angalia waongozaji wenyewe wamevaa nini, gambuti. Matope ya Rwenzori yanameza kiatu cha laki tatu bila kusema asante. Gambuti nunua sokoni Kasese, vaa na soksi mbili nene, jaribu kwanza kutembea nazo siku moja kabla hujapanda, malengelenge yasikuharibie. Koti la mvua, nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki, tochi, pawabanki. Basi.

Chakula hakina shida. Asubuhi rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, na chai, mchana tafuta obundu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, pamoja na samaki wa maziwa ya huko chini. Ila ujue Jumamosi Waadventista wengi wako kanisani, duka ulilolizoea unaweza kulikuta limefungwa, nunua vitu vyako Ijumaa.

Ukiwa na siku mbili za ziada usirudi moja kwa moja. Pita Fort Portal ukate kwenda Bundibugyo, barabara inazunguka ncha ya kaskazini ya mlima huo huo afu inakushusha kwenye bonde la Semliki, na hapo unaona Kongo yote imelala mbele yako. Kule ni kinyume cha Kilembe, joto, mbu wengi, kakao imeanikwa pembeni ya lami, na msitu wake ni mkono wa ule msitu wa Ituri umevuka mpaka. Sempaya kuna chemchemi za moto zinachemka haswa. Nunua mayai njiani, utayachemshia pale pale, na chumvi usisahau kama mimi. Neti lala nayo kila usiku.

Kurudi Kampala kutoka Kilembe, mabasi mazuri yanaondoka Kasese bado giza. Ama ushuke ulale Kasese usiku wa mwisho, ama uelewane na boda jioni. Ukielewana na boda, na wewe unataka saa kumi na moja, mwambie saa kumi.