Pima alkoli kwenye esanse (petroli) kabla ya kujaza moto (pikipiki)

Mwaka 2005 Marekani iliweka sheria ya kuchanganya mafuta yatokanayo na mimea kwenye esanse. California nayo ilikuwa imepiga marufuku MTBE, kemikali iliyoongezwa kwenye esanse, iliyochafua maji ya ardhini. Etanoli, aina ya alkoli, ikachukua nafasi yake. Etanoli haichafui visima kama MTBE, lakini inapenda maji, na hapo ndipo kabureta inapoumia.

Ukinunua esanse kwa kadhafi (muuzaji wa barabarani) hapa Goma, pima kwanza, mbali na makala yanayowaka na sigara. Chukua chupa nyembamba ya kioo. Kwa sirinji, weka maji 10 ml, chora alama, ongeza esanse 90 ml. Funga, tikisa, acha dakika 10. Maji yakibaki kwenye alama, hakuna alkoli. Yakipanda hadi karibu 18 ml, kuna takriban asilimia 10.

Usiache esanse yenye alkoli miezi ndani ya tanki, hasa wakati wa mvua: alkoli ikishiba maji hujitenga, ikashuka chini, palepale bomba linapovuta. Moto hukataa kuwaka, hata buji (plagi) ikiwa mpya. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, mwaga yote, kagua mipira iliyovimba.